Mama Mtungi anajibu: wasiwasi huu sio ule wa wahenga

Toleo lililopita niliropoka kidogo kwamba mwenzenu nina OCD, ule ugonjwa wa wazo kung'ang'ania kichwani mpaka ufanye kitu fulani ndio lilegee, halafu linarudi, unafanya tena. Nikadhani yameishia hapo. Wapi, meseji zimemiminika mpaka mhariri ananiuliza kama nimefungua zahanati. Nimechagua tano, nimezifupisha, na majina nimetoa yote. Mi sio daktari jamani, ni mgonjwa mzoefu tu.

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 27, nauza duka la simu hapa Dar. Shida yangu ni kufuli. Nikifunga chumba natikisa, naondoka, nikifika kona narudi natikisa tena, nikaona ujanja ni kupiga picha ili wasiwasi ukija niangalie, sasa hivi kwenye simu nina picha 1,862 za kufuli moja, juzi dada yangu kaolewa nataka nimpige picha anakata keki simu ikaniambia nafasi imejaa. Na picha zenyewe hazisaidii maana naangalia halafu najiuliza hii ya leo au ya jana. Wiki iliyopita nilimpa bodaboda mia tano asogee ashuhudie nimefunga, akanijibu mkuu kama hii ni kesi mi mahakamani siendi. Washkaji wameshajua, wananiita Mzee wa Kufuli. Siku nyingine nacheka nao, siku nyingine natamani ardhi ipasuke. Hivi nicheke au nikasirike? – Kufuli, Sinza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kwa bodaboda nimecheka kwa sauti, nisamehe, ila nimecheka kama mtu aliyekaa benchi moja na wewe.

Yangu mimi ilikuwa mtungi wa gesi. Miaka hiyo naishi Tabata, kazi yangu iko Posta. Nazima jiko, nafunga koki ya mtungi, naigusa mara nne huku nahesabu, nikikosea kuhesabu naanza upya. Naondoka, napanda daladala, tukifika Buguruni tu kichwa kinaanza, una uhakika? Naiona nyumba inalipuka, nawaona watoto wa mwenye nyumba, namwona hadi mwandishi wa habari anawahoji majirani. Nashuka, navuka barabara, narudi Tabata, nakuta koki imefungwa kama nilivyoiacha. Nauli ya siku inakwisha kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa konda mmoja wa njia ile akanizoea, siku moja nimepanda gari lake mara ya pili asubuhi hiyo hiyo, akapiga kelele gari zima lisikie, "Mama Mtungi huyooo! Leo tunamfikisha mjini au anatushukia Buguruni?" Watu wakaangua kicheko. Na mi nikacheka, nikacheka mpaka machozi, gari likapita Buguruni nimekaa kwenye siti. Kazini walishangaa kuniona.

Usije ukasema konda aliniponya, hapana, jioni nilirudi mbio kama mwizi. Ila asubuhi ile kwa dakika chache niliuona mchezo wenyewe kwa macho ya mtu aliyekaa siti ya pembeni, na ulikuwa mchezo wa kuchekesha kwelikweli. Miaka miwili kabla yake kaka yangu alitoa kichekesho kilekile mbele ya wakwe zangu, nikaenda kulia chooni. Nimelifikiria sana hili. Kaka alikuwa anawaambia watu akili za huyu ndio hizi, mvumilieni. Konda alikuwa anautania ule mchezo wa kupanda na kushuka, na wakati anautania ananipeleka mjini. Sasa wachunguze washkaji zako. Yule anayekucheka halafu anatembea na wewe mpaka kituoni bila kukuruhusu ugeuke, huyo acha akuite jina lolote analotaka. Anayekuita Mzee wa Kufuli mbele ya demu wako ili apate sifa, mwambie ukweli kwamba inakuuma, huna sababu ya kujichekesha.

Kuhusu zile picha. OCD haina shida na kufuli lako, inachotaka ni uhakika wa mia kwa mia, na huo haujawahi kuuzwa dukani. Ukikagua hofu inashuka kidogo, ubongo unaandika kwenye daftari lake, kumbe kukagua ndio kumetuokoa, kesho unadai ukague mara mbili. Na kuna kitu kibaya zaidi. Watafiti wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, mwaka 2003 walichukua watu wa kawaida wasio na ugonjwa huu wakawapa kazi ya kukagua jiko la gesi la kwenye kompyuta, tena na tena na tena (niliposoma habari hiyo nilihisi wamenipeleleza). Mwishoni watu walikuwa bado wanakumbuka sawasawa walichokifanya, lakini walikuwa hawajiamini tena kwamba wanakumbuka, picha kichwani imepauka kama kanga ya kila siku. Yaani kukagua kwenyewe ndio kunakula imani yako kwa kumbukumbu zako. Picha yako ya 1,862 ndio iliyokufanya uitilie shaka ile ya 1,861.

Tiba yenye nguvu kwa haya mambo ni ya mazungumzo na mazoezi. Mtaalamu anakupeleka ngazi kwa ngazi kwenye lile linalokuogopesha na mnakubaliana hutofanya ile ibada yako, yaani kile kitendo unachokirudiarudia ili hofu ishuke. Kwako inaweza kuanza na siku moja ya kufunga mara moja bila picha, ukaondoka, tumbo likakusokota, ukaliacha lisokote mpaka lichoke lenyewe, na linachoka kweli. Dawa pia zipo, fluoksetini, setralini, klomipramini, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona, na zinaweza kuchukua wiki 8 mpaka 12 kabla hujaona kitu, kwahiyo usizitupe wiki ya pili. Hizo anaandika daktari, sio mimi wala jirani. Uko Dar, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na jengo hilo mi nimeingia na kutoka nikiwa na mkoba na lipstiki kama watu wengine.

Utani unaingia wapi? Mi OCD yangu nimeipa jina, inaitwa Mjumbe. Wa nyumba kumi. Unamjua yule anabisha hodi saa nne usiku ana karatasi mkononi, kuna dharura, panahitajika kikao. Zamani nilikuwa natoka kila akibisha, naketi kwenye kikao mpaka asubuhi. Siku hizi naongea naye nikiwa kitandani, "Mjumbe nimekusikia, inawezekana kweli nyumba inaungua, tutajua jioni." Angalia hapo, sijamwambia haiungui. Ningemwambia haiungui ningekuwa nimeshaanza kukagua kwa mdomo. Utani mzuri unaliacha swali likiwa wazi na bado unaendelea na safari.

Ila uwe macho, huu ugonjwa mjanja. Kuna kipindi nikawa kila wazo likija lazima niseme "Mjumbe karibu chai", na lazima niseme mara nne, nikikosea naanza upya. Utani wangu wenyewe ukawa ibada! Nilipomsimulia mtaalamu wangu aliinama chini ya meza akijifanya anaokota kalamu.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mie mama wa watoto watatu nipo Unguja. Udhu wangu mmoja dakika 40. Nikifika miguuni nahisi mkono haukupata maji, naanza upya. Nikisimama kuswali nakuta nia haikukaa, Allahu Akbar mara sita, mara saba, mwanangu wa miaka mitano keshanishika, anasimama kwenye mswala wangu anapiga takbira kumi mfululizo kisha anajiangusha kwa kicheko. Mume wangu anasema tangi langu yeye hawezi tena kulijaza. Mama mkwe anasema shetani huyo, nisomewe. Mie naona haya, na naona dhambi hata kucheka maana jambo lenyewe la ibada. Je ni shetani au ni maradhi? – Mama Udhu

JIBU: Waaleikum salaam bibie. Baba yangu Muislamu, mama yangu Mlutheri, kwahiyo mi nimerithi wasiwasi wa pande zote mbili, nakuelewa.

Hili lako ni la zamani kuliko hospitali. Neno lenyewe wasiwasi tumelipata kwa Waarabu, na wanazuoni wao walishawaandika sana watu wa aina yetu, wa maji na wa nia. Kuna kisa maarufu cha Ibn Aqil, mwanazuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1119. Mtu alimwendea akamwambia, najizamisha kwenye maji mara nyingi na bado nina shaka kama maji yamenipata, unasemaje? Akamjibu, nenda zako, wewe swala imekuondokea. Mtu akashtuka, vipi tena? Akamwambia kalamu imeondolewa kwa watu watatu, mmojawapo mwendawazimu mpaka apate nafuu, na mtu anayejizamisha majini mara zote hizo bado hana uhakika kama amelowa, huyo ni nani? Ni utani mkali, leo hatumwiti mtu hivyo na wewe huna wazimu hata chembe. Nilichopenda ni kwamba hakumwambia "haya ngoja nikuangalie kama umelowa". Hakuingia majini naye. Na ilikuwa habari ya twahara na swala, mwanazuoni mkubwa, na akatania. Kwahiyo hiyo dhambi ya kucheka sijui umeitoa wapi, mtoto wako hamcheki Mola wake, anacheka takbira ya saba, na ya saba hakuna aliyekuagiza.

Kanuni unaijua kuliko mimi, yakini haiondolewi na shaka. Na imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haijazi hata chupa ya lita moja. Muulize sheikh unayemuamini lakini sikiliza, muulize MARA MOJA. Ukimpigia tena Jumatatu kuhakikisha alichokujibu Jumapili, hapo umeshahamisha udhu kutoka bombani ukaupeleka kwenye simu.

Kuhusu shetani au maradhi, mi siwezi kumwambia mama mkwe wako asikusomee, dua haigombani na daktari, fanya vyote. Ila nenda na kwa daktari, hapo Unguja hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu ipo. Usisikie watu wanavyolitaja jina hilo kama tusi. Na ujue tiba hii ya kujizuia ilianzia kwa watu kama wewe. Mwaka 1966 London, mtaalamu aitwaye Victor Meyer aliandika juu ya wagonjwa ambao tiba nyingine zote zilikuwa zimewashinda, mmoja alikuwa mama wa kunawa bila kikomo, wakamlaza na maji ya chumbani kwake yakafungwa, wauguzi wakakaa naye kwenye ile hofu mpaka ikapungua. Nilipoisoma nikawaza, kumbe miaka yote ya mgao wa maji tulikuwa tunapewa tiba hatujui! Masihara hayo, usiende kumwambia mumeo afunge bomba, kufungiwa kwa lazima ni mateso, ile inafanywa kwa makubaliano na siku hizi wanaenda polepole.

SWALI: Mambo Anti! Nahisi na mimi nina OCD maana siwezi kuvumilia kuona viatu vimekaa ovyo, na glasi lazima zipangwe kwa urefu. Marafiki wanasema ni ugonjwa wa kishua, lol. – Msafi, Arusha

JIBU: Poa. Una nyumba nzuri, hongera, nialike. Ukimaliza kupanga glasi unasikia raha, si ndio? Sisi hatusikii raha, tunapata nafuu ya dakika mbili. Kipimo cha haraka wanachotumia wataalamu ni kama inakula zaidi ya saa moja kwa siku au inakuvurugia kazi na mahusiano. David Beckham alisema hadharani mwaka 2006 kwamba vitu vyake lazima viwe mstari ulionyooka au viwe jozi, makopo ya soda kwenye friji yakizidi moja anaenda kuliweka kabati jingine, na akiingia hotelini hawezi kupumzika mpaka vipeperushi na vitabu vyote vimeingia droo. Mtu mwenye mguu ule wa kulia anahangaishwa na kopo la soda. Kishua my foot, kama alivyokuwa akisema bosi wangu wa zamani.

SWALI: Mimi niko Mombasa, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza ana miezi miwili. Naona aibu kuandika. Nikiwa jikoni na kisu linanijia wazo la kumdhuru. Sitaki kabisa, nampenda kufa. Nimeficha visu vyote, sasa mboga nakatiwa na jirani, nimemwambia mkono unauma. Usiku silali nauliza mimi ni mtu gani. Hapa hakuna cha kucheka. – Mama mchanga

JIBU: Mama, pole sana. Hakuna cha kucheka, na sitacheka.

Mawazo ya namna hii yanayoingia bila hodi wanayapata watu wengi mno. Rachman na de Silva walilichunguza mwaka 1978 wakakuta karibu watu 8 kati ya 10 wasio wagonjwa wanayo, ya kudhuru, ya aibu, ya kukufuru. Wengine linapita kama nzi. Mwenye OCD linamtisha kwa sababu linagusa kile anachokipenda kuliko vyote, basi anaanza kulinda, kuficha, kujihoji usiku. Ujauzito na miezi ya baada ya kujifungua ni kipindi ambacho OCD huanza au kupanda. Aibu yako yote hiyo inaonyesha jinsi wazo lilivyo mbali na unachokitaka.

Mwambie daktari au mkunga maneno haya haya uliyoniandikia mimi, neno kwa neno, hata ukiwa umemwonyesha gazeti hili tu akasoma. Waliosomea wanalijua. Na hili nalisema kwa kila mama anayesoma: ikiwa unasikia sauti zinazokuamuru, au umeanza kuona kwamba kumdhuru mtoto ni jambo sahihi, au hulali kabisa na kichwa kinakimbia, hiyo ni hali nyingine na ni dharura, uende hospitali leo hii na mtu wa familia, usisubiri kesho.

Ipo siku utamsimulia jirani yako kwanini alikatakata sukuma wiki ya nyumba mbili miezi yote hiyo. Siku yenyewe utaichagua wewe.

SWALI: Anti, mume wangu ana hiyo kitu, hospitali tumeshaenda na ameanza mazoezi. Shida ni simu. Ananipigia nikiwa kazini, pasi umezima? Namwambia nimezima. Una uhakika? Ndio. Umegusa waya? Mara kumi kwa siku, bosi wangu anadhani nina mchepuko. Nikikataa kujibu anasema simpendi, nikijibu mtaalamu wake ananiambia namlisha ugonjwa. Nifanyeje? – Mke wa Pasi, Mwanza

JIBU: Wifi yangu, mtaalamu yuko sahihi na mumeo anaumia kweli, yote mawili kwa pamoja, ndio maana inachosha. Kila jibu lako ni picha nyingine ya kufuli. Lakini usiamke tu kesho ukanyamaza, hiyo ni adhabu. Kaeni jioni mmetulia, mmeshakula, mkubaliane mapema, tena yeye mwenyewe ndio achague maneno: likija swali la pasi wewe utajibu nini. Mkishakubaliana usibadilishe hata akilia, muoneshe upendo kwa kila njia nyingine, kaa naye kwenye simu, muulize amekula nini, ila pasi hiyo usiijibu. Na siku ukishindwa ukajibu, umejibu, msamehe na ujisamehe, kesho ipo.

Sisi kwetu nilichagua mwenyewe. Nikimuuliza mume wangu "mtungi nimezima?" anatakiwa anijibu bei ya nyanya. Basi. Siku za mwanzo nilimchukia mpaka nikahamia chumba cha watoto, siku hizi nikianza tu kufungua mdomo ananikatisha, "sado elfu tano." Jana tulikuwa tunaenda mjini pamoja, nikamuuliza mara tatu, na nyanya ilipanda kutoka elfu tano mpaka elfu nane kabla hatujafika Buguruni.